Paka Aliyeombwa

Umewahi kumpigia paka magoti? Basi bibi mmoja, mshonaji wa mapazia, alikuwa amempigia, shavu limegusa sakafu, mkononi kisahani cha samaki aliyetolewa miiba mmoja mmoja. Uvunguni mwa kitanda macho mawili yalimtazama bila kupepesa.

"Toka, mwanangu. Umekuwa bibi harusi, hata uso hutuonyeshi?"

Paka hakutoka. Nje, kila gari lililopunguza mwendo lilimshtua bibi moyo. Mkwewe, dereva wa lori, alikuwa njiani, na alikwisha sema: "Mama, nikirudi nikamkuta mtoto bado yuko hivi, nampeleka bweni. Pengine wao watamweza."

Mtoto mwenyewe alisimama mlangoni, amejifunga taulo, magoti yamempauka, maji ya kuoga yanamkaukia mwilini. Tangu mama yake azikwe na yeye aletwe hapa, hali mpaka abembelezwe, na ukimgusa anajikunyata. Neno moja tu lilikuwa likimtoka, jioni, akishaoga. Alikwenda mbele ya kabati la bibi, akanyoosha mikono yote miwili juu, akasema, "Paka."

Ukutani, ubavuni mwa kabati lile, ilining'inia kalenda yenye picha ya paka mweupe. Bibi hakuuliza mara mbili. Alifunga cherehani, akaenda kwenye nyumba wanakotunzwa paka waliotupwa, akarudi na huyu wa kijivu, sikio limechanika, anaogopa hata kivuli chake.

"Usimfukuze, usimkazie macho," mtunzaji alimwambia, akamtilia kapuni kipande cha blanketi kuukuu. "Mwekee hiki karibu. Akinusa harufu ya alikotoka, atatulia."

Sasa honi ililia barabarani, ndefu. Bibi aliijua.

Paka alichomoka uvunguni kama mshale, akapanda pazia, akatua juu ya kabati, nyuma ya vikorokoro vya marehemu binti yake. Bibi alivipandisha kule siku ya msiba ili asiwe anaviona.

Mtoto akasogea. Akanyoosha mikono.

"Paka."

"Namwona, mjukuu wangu. Nakushushia sasa hivi."

Bibi akavuta kiti, akapanda, goti likilalamika. Mlango wa lori ukabamizwa. Akatandaza kile kipande cha blanketi ukingoni mwa kabati, akageuza uso pembeni kama alivyofundishwa, akangoja. Viatu vizito vilikuwa vinakuja uani.

Pua ikatokeza. Ikanusa blanketi. Kisha paka mzima akajilaza juu yake, na bibi akamzoa polepole, akashuka, akamweka mtoto mikononi.

Mtoto hakumpokea. Paka akateleza kifuani pake, akaanguka kwa miguu yake, naye mtoto mikono yake akaiacha palepale, juu.

"Si ndiye huyu uliyemtaka?" bibi akanong'ona. "Mchukue, mama. Baba yako huyo hapo."

Baba alikuwa mlangoni, kofia mkononi, ameyaona yote. "Umejitahidi, mama," akasema taratibu. "Mfungashie nguo zake."

Paka, aliposikia sauti ngeni, akaruka tena juu ya kabati kwa papara. Kikopo cha bati kikaporomoka, kikagonga kiti, kikabingirika mpaka miguuni mwa mtoto. Kifuniko kikafunguka, na harufu ya waridi ikajaa chumbani. Baba akashika nguzo ya mlango. Bibi akaketi bila kutazama kama kiti kipo.

Mtoto naye akaketi sakafuni. Akalivua taulo, akanyoosha miguu, akakisukuma kile kikopo kwa bibi yake.

"Nipake, bibi," akasema. "Mama huanzia miguuni."