Mwacheni Kinda Acheze

Mpira wa tatu uliorushwa na Trevin Ashby ulipodakwa na adui, safu nzima ya kumi na nne jukwaani ilisimama kumzomea. Lorna naye alisimama, lakini yeye alipiga makofi.

"Si neno, Trevin! Tulia, baba, tulia!"

Watu waligeuka kumtazama kama mtu aliyecheka msibani. Jirani yake wa kulia, Wendell Pruski, alikuwa amejivika mfuko wa karatasi kichwani, umetobolewa matundu mawili ya macho. Nusu ya mashabiki wa Erie, timu ya nyumbani ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wakija hivyo uwanjani tangu timu ilipofungwa mechi ya nane, maana hakuna aliyetaka kuonekana kwenye televisheni akiishangilia. Wendell aliunyanyua mfuko hadi puani, akapiga funda la bia.

"Dada, macho yako mazima kweli?"

"Ni kinda," Lorna alisema. "Mwaka wake wa kwanza huu. Mwacheni acheze."

"Kinda, kinda! Tangu Septemba tunaimbiwa kinda. Mpwa wangu kazaliwa hiyohiyo Septemba, na sasa hivi anashika chupa ya maziwa vizuri kuliko huyu anavyoshika mpira."

Safu ikaangua kicheko. Lorna hakucheka. Hasira aliyokuwa nayo kwa Ashby ilizidi ya wote waliomzunguka. Kijana ndiye mrusha mpira, kila shambulizi lilianzia mikononi mwake, na mikono yenyewe haikujua wakati wa kurusha. Akichelewa kurusha, anaangushwa. Akiwahi, anampa adui. Hata hivyo Lorna alitaka jambo moja tu siku ile: kocha asimtoe. Acheze vibaya, azomewe, afungwe, lakini asitolewe. Leo na Jumapili ijayo tu, msimu uishe, kila mtu arudi nyumbani mzima.

Tammy, dada yake Wendell, alimsogezea soseji iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa mtu wa huruma, asiyependa kuona mgeni akikaa peke yake kwenye baridi.

"Mumeo umemwacha wapi?"

"Yuko kazini."

"Jumapili yote hii?"

"Kazi yenyewe siku hizi ni ya kukaa tu," Lorna alisema. "Karibu anastaafu."

"Heri yake. Wangu anakaa tu na hata kazi hana."

Lorna aliipokea soseji, asiile. Asubuhi ile mumewe alikuwa amemwuliza mara tatu kama mbwa amelishwa. Mbwa alikufa mwaka juzi. Walikwenda kumwona daktari katika mji wa mbali, wasikojulikana, na yale aliyowaambia mumewe alimwapisha Lorna yasifike kazini kwake. Lorna aliapa, na tangu siku hiyo alikuwa anajichukia.

Huko chini Ashby alirusha tena. Mpira ulipita juu ya kila mtu, ukamgonga mpiga picha begani.

"Jamani!" Wendell alilia. "Jamani, sisi tumemkosea nani?"

Ndipo wimbo ulipoanzia upande wa kaskazini, ukazunguka jukwaa kwa jukwaa. "Bran-ni-gan! Bran-ni-gan!" Brannigan alikuwa mrusha mpira wa akiba, mtu wa miaka thelathini na tisa, aliyekaa benchi na koti lake tangu msimu uanze. Mji ule ulikuwa na kawaida yake: haukumpenda mchezaji yeyote kama ulivyompenda yule asiyecheza.

"Yule ndiye mwanamume!" Wendell alimwambia Lorna. "Unakumbuka ile mechi ya theluji? Kagongwa kazimia, kabebwa na machela, robo ya nne ya mchezo karudi mbio katushindia!"

"Nakumbuka," Lorna alisema.

"Basi imba!"

"Siimbi! Na ninyi nyamazeni! Mwacheni kijana acheze, nawaomba. Amewafanya nini? Ni mchezo tu huu, nawaomba!"

Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Tammy alimshika kaka yake mkono.

"Wendell, acha. Huoni? Huyu ni mama yake kijana."

Neno lilipita kwa minong'ono mpaka mwisho wa safu. Wendell alivua mfuko, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama, nisamehe. Ungesema mapema, nisingethubutu."

Safu ya kumi na nne ilikuwa imenyamaza, lakini uwanja uliobaki haukujua habari hiyo, na jina la Brannigan lilizidi kupaa. Ashby aliangushwa mara mbili mfululizo. Mara ya pili mpira ulimponyoka kabla hata hajaguswa. Timu ilipopata tena zamu ya kushambulia, kocha alimshika bega, akamwambia maneno mawili, akamkalisha.

Uwanja ulilipuka. Watu wasiojuana walikumbatiana, mifuko ya karatasi ikarushwa hewani. Wendell alimzungushia Lorna mkono kwa upole.

"Basi, mama. Yamekwisha. Hakuna atakayemgonga tena."

Lorna hakuwa anamtazama Ashby. Brannigan alikuwa amevua koti na kuvaa kofia ngumu. Aliingia hatua tatu, akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akamwinamia mwenzake na kumwuliza kitu. Mwenzake alicheka, akidhani ni mzaha, akamwonyesha kwa kidole upande wanakoshambulia.

Lorna alipanda juu ya kiti. Watu elfu sitini walikuwa wakiliimba jina la mumewe wakimtaka aingie, na yeye peke yake alikuwa akimwita arudi.