Changu Mwenye Miiba

Siku hizi kila sahani hupita kwenye kisanduku cha eksirei kabla ya kufika mezani. Mwatumu, mkaguzi wa pakiti za samaki kiwandani, alikuwa hajawahi kumlisha bintiye kitu kisichowashiwa taa ya kijani. Mchana huo mama mkwe wake, Bi Riziki, alileta samaki aina ya changu, mzima, wa kupaka. Taa ikawaka nyekundu.

"Mama, huyu ana miiba."

"Ulitaka awe na nini, manyoya?" Bi Riziki akacheka. "Hata mumeo nilimlea kwa hawa hawa."

Akamchambua samaki kwa vidole, na kabla Mwatumu hajamzuia, tonge lilikuwa mdomoni mwa Salha, mtoto wa miaka sita. Salha alitafuna, kisha akakunja uso.

"Bibi, kuna kitu kinachoma."

"Mwiba huo, mjukuu wangu. Uteme."

"Chakula hakitemwi. Mama kasema."

"Tema, Salha!" Mwatumu alipiga kelele, mkono ameunyoosha.

Lakini Salha, mtoto msikivu, alikuwa ameshameza. Wanawake wawili wakabaki wakiitazama shingo yake.