Bata Aliyerudi Kudai Watoto

Bata mmoja mpenda matembezi alimwachia Kuku mayai yake ayaatamie, akaenda zake ziwani kwa dada zake. Aliporudi alikuta vifaranga saba wakichakura takataka nyuma ya Kuku, wakimwita mama. Roho ikamuuma, hata pole ya safari hakuipokea.

"Ndiyo malezi gani haya, shoga? Watoto wangu wachakure jaani?"

"Mimi najua malezi hayo tu, mwenzangu," Kuku akajibu.

Bata akawaswaga mpaka bwawani. Walipoelea bila kufundishwa, akaangua kicheko. "Umewaona? Wangu hao! Haya, wafuate!"

Kuku akabaki ukingoni.

Mara kivuli cha mwewe kikapita juu ya maji. Bata akaita mpaka sauti ikamkauka, asigeuke hata mmoja. Kuku akalia mara moja tu, na wote saba wakatoka mbio wakajibanza chini ya mbawa zake.

Mwewe alipoondoka, Bata alijikokota hadi pale.

"Shoga," alisema taratibu, "nifundishe kulia hivyo."

"Ningekufundisha," Kuku akasema, "lakini mlio huu waliuzoea wangali ndani ya mayai."