Kioo cha Jiko la Punje za Mbao

Ermes alilowesha gazeti, akalichovya kwenye majivu ili asugue kioo cha jiko la punje za mbao, lile la kupasha nyumba joto, kisha mkono ukamkwama mbele ya kioo.

Kwenye masizi palikuwa na mwandiko wa kidole cha mkewe, wa asubuhi ile ya Januari alipopelekwa hospitalini asirudi: "Leta mkate, mvivu wewe." Tangu hapo Ermes alilala na koti, jiko hakuliwasha.

"Baba, tulisafishe tulifunge hadi baridi ijayo. Kioo bado tu?" binti yake aliuliza, akikung'uta feni ya jiko.

"Kimegoma. Masizi haya yalimshinda hata askofu na maji yake ya baraka."

"Acha porojo, nipishe." Akachukua gazeti, akapiga magoti, akasoma.

Kisha akaanza kufuta taratibu, kwa ncha ya kidole, akiyaacha masizi yaliyozunguka kila herufi.