Kigoda Chini ya Maji

Sikieni ya panya wawili wa maabara. Kila asubuhi walitumbukizwa kwenye beseni la maji meupe kama maziwa, ambamo kigoda kilifichwa. Aliyekipata alipumzika, aliyekikosa aliogelea mpaka pumzi ikamwishia.

Tingo alikuwa bingwa. Akiguswa na maji tu, huyoo, moja kwa moja hadi kigodani. Chepe, mzito wa kushika mambo, alifika baadaye sana.

Siku moja Chepe akadungwa dawa ya kuamsha vipokezi vya serotonini, vile vijilango vya ubongoni. Tingo akajiuliza: sindano ile ina nini?

Siku hiyohiyo watafiti wakahamisha kigoda.

Tingo akakimbilia palepale pa jana. Hamna kitu! Akazunguka, akarudi, akazunguka tena. "Kipo hapa! Nakijua!" akafoka huku akimeza maji.

"Njoo huku, ndugu yangu," Chepe akaita, amekaa kitako juu ya kigoda, masikio makavu.

Tingo akajikokota hadi kwake, akihema. "Hebu niambie, dawa hiyo imekupa kumbukumbu gani ya kunishinda mimi?"

"Kumbukumbu?" Chepe akashangaa. "Mimi pia nilianzia palepale pa jana. Nilipokikosa, nikaondoka kutafuta kwingine."