Kikombe Chekundu cha Meneja

Mpokezi wa zahanati alikuta vitu vyake vimeshatiwa kwenye katoni, na meneja amesimama kando akinywa chai.

"Kuanzia leo unahamia stoo, Mama Mapokezi. Kipimo cha tabia kimesema wewe ni bluu. Watu wa bluu hawapendi watu."

Wagonjwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Huyu, asiyependa watu? Huyu anayejua nani kajifungua jana na nani kanuniana na wifi yake?

Yeye hakucheka. Alichomoa karatasi mkobani, akamsogezea meneja.

"Siku ile ya kipimo nilikuwa nimetoka kung'olewa jino, bosi, shavu limevimba kama puto. Mnaniuliza kama napenda kuzungumza, nijibu nini? Leo nimejaza maswali yaleyale. Tazama mwenyewe: njano, rangi ya wapenda watu!"

"Kipimo ni cha kisayansi. Hakikosei."

"Basi jaza na wewe. Hapa hapa."

Meneja akatazama kikombe chake chekundu, rangi ya viongozi, aliyopewa na kipimo hichohicho mwaka jana. Benchi zima lilimkodolea macho. Akakiweka mezani, akachukua kalamu.

Alipomaliza, Mama Mapokezi alijumlisha alama. Akajumlisha tena, polepole.

"Ehe, mwanangu, rangi gani?" bibi mmoja akauliza.

Mama Mapokezi alitoa vitu vyake kwenye katoni, kimoja kimoja. Kisha akakinyanyua kile kikombe chekundu, akakitia kwenye katoni hiyo ya stoo, pamoja na chai yake.