Vidonge Kwenye Kopo Moja

Muuguzi wa majaribio ya dawa alifungua kopo la wagonjwa wake wawili, mtu na dada yake. Vidonge vya dada mkubwa vilikuwa vimechanganywa na vya mdogo wake.

"Nani kawaambia mvichanganye?"

"Si mlisema mmoja anaweza kupata dawa, mwingine kidonge kitupu?" alijibu mkubwa. "Sasa mwanangu, mimi nipone, huyu ameze unga? Tumegawana bahati."

Mdogo alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Muuguzi akiripoti, wote wawili wataondolewa kwenye majaribio, na ugonjwa wao hauna dawa nyingine. Akinyamaza, majibu yatakuwa ya uongo, na wagonjwa wengine watakuja kumezeshwa uongo huo.

Muuguzi alivuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama zangu, kaeni na nyie."

Mkubwa hakukaa. Alimshika mdogo wake mkono. "Kama ni kututoa, tutoe wote wawili."